Mistari Arobaini ya Lazima

Dodoma,
Jumamosi, saa nane mchana.

Mwanangu Nyemo,

Sikuulizi hali. Asubuhi hii umekunywa uji vikombe viwili mbele yangu, umelalamikia sukari, umeondoka kwenda Bahi kumuaga shangazi yako, kwa hiyo u mzima. Mimi ndiye si mzima, na wala si homa. Nimeshtuka. Nimeshtuka tangu Jumanne na mpaka sasa moyo haujarudi mahali pake. Nimeitoa ile mashine yangu ya kupiga chapa chini ya kitanda, nimeifuta vumbi, nimekuta utepe bado una wino, na nataka nimalize kabla hujarudi, maana kukwambia uso kwa uso nimejaribu mara mbili nikashindwa. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama umepiga nguo pasi. Mara ya pili nilikugombeza kwa kitu ambacho hata sikikumbuki.

Habari za sweta, za kula vizuri, za kwenda kanisani, sitaziandika. Umekaa Dar es Salaam miaka minne bila mimi na umerudi na mashavu. Ninalo neno moja tu. Kazi unayoibeba kesho kwenda nayo Uingereza, ile iliyokupatia nafasi ya kusoma, ina kosa katikati yake, na kosa hilo nimelifanya mimi.

Jumanne uliniita mezani ukanitandazia zile karatasi zako ndefu zenye matundu pembeni. "Mama, njoo uone barua zako zilivyopendeza," ulisema. Nilikuja natabasamu, nisikufiche. Mpiga chapa gani mwingine wa Dodoma barua zake za ofisini zimesomwa chuo kikuu? Ukanieleza taratibu, kama unavyonieleza siku zote ukidhani mama yako mgumu kuelewa. Ulisema watu wa lugha siku hizi hawakai wakabuni mifano kichwani. Wanakusanya maandishi ambayo watu wameyaandika kweli, wanayaingiza kwenye kompyuta, kisha wanaiambia itafute neno. Kompyuta inatoa kila mstari wenye neno hilo na kulipanga katikati ya ukurasa, moja chini ya jingine, ili mtu aone neno limekaa na nani kushoto na nani kulia. Wewe ulikuwa unatafuta namna Kiingereza kinavyomwambia mtu kwamba jambo ni la lazima, au ni ruhusa, au linawezekana, au lingefaa. Nikakwambia hayo hata Kigogo kinayo, ukacheka.

Halafu ukaweka mbele yangu ukurasa wa "must", ule wa lazima.

Nyemo, barua zile mimi niliziona zikitoka mikononi mwangu moja moja. Moja asubuhi, moja kabla ya chai, tatu kabla ya kufunga ofisi. Sikuwahi kuziona zimesimama pamoja. Pale mezani nikaona mstari mmoja umerudi, ukarudi, ukarudi mpaka chini ya ukurasa, ukavukia ukurasa wa pili. Lazima uondoke katika nyumba ya shirika ndani ya siku saba. Lazima uondoke katika nyumba ya shirika ndani ya siku saba. Maneno yale yale, koma ile ile. Mistari arobaini! Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wewe ulidhani nimestaajabia kompyuta.

"Umeona, Mama?" ulisema. "Hakuna tafadhali, hakuna ingefaa. Ofisi ilikuwa inaamuru tu. Hii ndiyo sura yangu yote ya tatu."

Ukaniuliza mbona mistari inafanana hivyo, maneno hayo yalikuwa yanatoka kwa nani. Nikajibu haraka haraka, "Ndivyo serikali inavyoandika." Ukachukua penseli, ukaandika jibu langu pembeni mwa karatasi. Nilikuona ukiliandika na nikakuacha.

Nilikudanganya, mwanangu. Haikuwa serikali, haikuwa shirika. Nilikuwa mimi.

Unajua nilitoka Kibakwe na darasa la nane na cheti cha kupiga chapa, nikaajiriwa kwenye lile shirika la mbegu za mafuta. Nilikuwa napiga bila kutazama vidole. Watu wa idara nyingine walikuwa wanakuja kusimama mlangoni kunitazama, na mimi nikiwaona ndiyo naongeza kasi. Meneja alizoea kumwambia mgeni, "Mpe Mama Nyemo, kabla hujakaa imekwisha." Siri ya kasi yangu sikumwambia mtu. Nilikuwa na jalada langu mwenyewe la barua za kuigia: moja ya likizo, moja ya kupandishwa cheo, moja ya onyo, moja ya kuachishwa kazi. Meneja akiniletea mistari miwili ya mkono, mimi natoa ya kuigia, nabadilisha jina, cheo na tarehe, basi. Yeye anatia sahihi bila kusoma kwa sababu ananiamini, na mimi sisomi kwa sababu najiamini. Mawazo yangu yapo kwenye mboga ya jioni, vidole vinaendelea na kazi.

Nakala za kaboni ndizo zile ulizoziingiza kwenye kompyuta. Shirika lilipokwisha, majalada yalikuwa yanakwenda kufungiwa karanga sokoni. Nilibeba maboksi manne kichwani kwa sababu madaftari yalikuwa ya taabu na wewe ulikuwa na mkono mkubwa wa kuandika. Ukafanyia hesabu nyuma ya zile barua. Ulijifunza hesabu za sekondari nyuma ya karatasi za watu waliopoteza kazi, na mimi nilikuwa nakusahihishia bila hata kugeuza upande wa pili.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kikawa ruksa. Madukani sabuni zikajaa, mitumba ikajaa, na redioni tukaambiwa mashirika yatauzwa. Letu likaletewa orodha. Tuliopunguzwa tulikuwa arobaini na mmoja, mimi nikiwa wa mwisho kwa kuwa nilitakiwa nibaki mpaka Desemba kukabidhi ofisi. Meneja akanipa majina. "Waandikie, Mama Nyemo, wewe unajua zinavyokwenda." Akapanda gari kwenda Dar es Salaam kwa vikao.

Nikafungua jalada langu. Barua ya kuachishwa kazi niliyokuwa nayo ni moja tu, ya mtunza ghala mmoja aliyeiba mbegu miaka mingi nyuma. Huyo alifukuzwa kwa haki yake na akapewa siku saba za kutoka kwenye nyumba ya shirika. Ilikuwa barua nzuri, imenyooka, haina kosa hata moja. Nikaitoa aya ya wizi. Aya ya nyumba nikaiacha. Hakuna aliyeniambia niiweke, Nyemo, na hakuna aliyeniambia niitoe. Ilikuwepo tu, nami nikaipitisha mara arobaini. Meneja aliporudi akatia sahihi rundo lote mchana mmoja huku anaongea na mtu.

Mzee Chidawali unamkumbuka. Dereva wa lori la mbegu, ukuta wetu na wao ulikuwa mmoja pale kota, na Eliza wake na wewe mlikuwa mnakula sahani moja leo kwetu kesho kwao. Jioni alipopewa barua alikuja mlangoni ameishika kwa vidole viwili, kama inamchoma. Kiingereza chake kilikuwa cha vibao vya barabarani.

"Mama Nyemo, hebu nisomee. Nimeona jina langu na hii saba, mengine yamenishinda."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye nyumba akanikatiza.

"Siku saba? Mbona sijaiba kitu?"

Aliuliza hivyo hivyo, kwa kinywa chake, na mimi sikusikia.

"Sijui, Mzee. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na Eliza? Mtihani wa darasa la saba si umebakiza wiki tano?"

"Ndiyo."

"Hakuna namna? Hata kuwaomba?"

"Mzee wangu," nikamwambia, "imeandikwa lazima." Na niliisema kwa ile sauti yangu ya ofisini, ile unayoiiga ukitaka kunichekesha. Nilikuwa namsomea kana kwamba maneno yametoka juu, na yalikuwa yametoka kwenye vidole vyangu asubuhi ile ile.

Walihama siku ya sita, kwa sababu Mzee Chidawali hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa mara ya pili. Walipanda gari la mchanga na vitanda vyao kwenda Haneti kwa ndugu zake. Eliza alikupa rula yake. Ulilia siku mbili, ukaniuliza kwa nini wameondoka, nikakujibu kwamba ni amri. Kule Haneti shule ilisema jina la Eliza halipo kwenye orodha ya watahiniwa wao. Mtihani ukapita. Basi, masomo ya Eliza yakaishia hapo, na ndiye alikuwa anakuzidi hesabu.

Yote haya ningeweza kuyabeba. Ningesema Bodi ya shirika iliwaonea, na mimi nilikuwa mpiga chapa tu. Miaka yote nimesema hivyo. Lakini Jumatano ulipokwenda mjini kupiga picha ndogo za fomu za chuo, nilirudi kwenye makaratasi yako kama mwizi. Nikatafuta ukurasa wa "may", ule wa ruhusa, ambao ulisema ni mfupi na hauna la maana. Mstari wa nne kutoka juu umetoka kwenye muhtasari wa kikao cha Bodi. Unasema watumishi waliopunguzwa wanaweza kuendelea kukaa katika nyumba za shirika hadi mwisho wa mwaka.

Nilikaa chini sakafuni, Nyemo. Nikavuta boksi, nikapekua mpaka nikaipata nakala yenyewe. Chini kushoto kuna herufi za jina langu, kama kila mpiga chapa anavyoweka. Tarehe ni ya wiki ile ile. Niliupiga chapa muhtasari ule kwa mikono hii, nikauweka kwenye jalada la siri, nikafunga kabati, nikaendelea na barua za siku saba. Ruhusa ilikuwepo! Ilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo alikuwa nao mama yako, umefungwa kwenye pindo la kanga.

Hapo nilikuwa tayari kukuandikia barua fupi zaidi ya hii. Ningekwambia kwamba mama yako hakujua, kwamba vidole havisomi, kwamba kazi ilikuwa nyingi. Nilishaipanga kichwani, na ilikuwa barua nzuri ya kutia huruma. Halafu nikaona nakala ya mwisho kabisa ndani ya boksi.

Ni barua yangu mwenyewe ya kupunguzwa. Niliipiga siku iliyofuata baada ya Mzee Chidawali kuja mlangoni. Nilitumia barua ile ile ya kuigia, mwanzo uleule, mwisho uleule. Aya ya nyumba haimo. Meneja alikuwa ameniambia kwa mdomo nikae mpaka Desemba, kwa hiyo nilipofika kwenye aya ile vidole vyangu vilisimama, vikairuka, vikaendelea na heri na fanaka za mwisho wa barua. Mtu hawezi kuruka kitu asichokisoma. Niliisoma. Nilijua ipo, nilijua inatolewaje, na niliitoa kwa mtu mmoja tu.

Sikumbuki nilifikiri nini siku ile. Nimejikamua kichwa siku tatu na sipati kitu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba niliweza kufanya jambo kama hilo na likapita bila kuacha hata alama, nikaenda nyumbani nikapika.

Wewe hukuweza kuliona. Uliiambia kompyuta itafute lazima, ikakuonyesha kila palipo na lazima. Palipokosekana haikuonyesha, na barua yangu haikutokea popote kwenye kurasa zako. Marehemu baba yako naye hakuijua.

Alhamisi nilipokuaga kwamba naenda kutafuta karanga, nilikwenda Haneti.

Mzee Chidawali alishafariki, sikujua. Nilimkuta Eliza uani amekaa kwenye kigoda anabangua karanga, na watoto wake wawili wanacheza na maganda. Alinyanyuka, "Shikamoo mama!" kwa furaha. Nilikaa, nikamwambia yote bila kunywa hata maji. Alikuwa anabangua huku ananisikiliza. Hakuacha.

"Kwa hiyo tungekaa?" aliuliza.

"Mngekaa."

"Mpaka mtihani?"

"Mpaka Krismasi."

Akabangua nyingine tatu nne. Mara mama yake akatoka ndani ameshika mkongojo, haoni vizuri siku hizi, akanisalimia kwa Kigogo na kuniita kwa jina, "Mbukwa, Mama Nyemo! Umetukumbuka leo!" Nikafungua mdomo nimwambie na yeye. Eliza akaniwahi. "Amekuja kutusalimia tu, mama." Sijui alikuwa ananihifadhi mimi au mama yake. Nadhani mama yake.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa nataka. Alisema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Baba mpaka anakufa alikuwa anatuuliza yeye alikosea nini. Alisema watu hawapewi siku saba hivi hivi, lazima kuna kitu alichukua bila kujua. Alikuwa anahesabu safari zake za lori moja moja."

Nyemo, nilimwandikia mtu mwaminifu barua ya mwizi. Niliitoa aya ya wizi nikadhani nimeusafisha ukurasa, na yeye bila kusoma Kiingereza akaunusa wizi uliobaki ndani yake, akaubeba mpaka kaburini.

Sikumwomba Eliza msamaha mara mbili. Mara moja nilimwomba, akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, na sitaki umwandikie kumbembeleza kwa niaba yangu. Aliniuliza unakwenda kusoma nini huko. Nikamwambia unasoma jinsi watu wanavyosema lazima na wanavyosema ruhusa. "Basi mwambie," akasema. "Asije akaenda na habari ambayo siyo."

Nami nimekwambia. Sina somo la kukufundisha, umenizidi shule. Ila nimekaa na mashine hii miaka mingi kuliko umri wako, na naijua haraka ya ofisini. Huko uendako, ukikuta maneno yamerudi mara arobaini, kabla hujasema watu arobaini wanasema hivyo, tafuta kwanza kama hakuna mmoja aliyekuwa na kazi nyingi na barua moja ya kuigia. Mimi nilikuwa najisifu kwamba sikosei herufi, na kweli sikukosea herufi. Sikuwahi kujisifu kwamba nilimuuliza Meneja swali.

Ndani ya begi lako dogo, chini ya shati jeupe, nimeweka bahasha. Ina nakala tatu: barua ya mtunza ghala, muhtasari wa Bodi, na barua yangu. Zionyeshe kwa mwalimu wako utakapofika, kabla hajaisoma tena sura ya tatu. Najua unaweza kuaibika. Anaweza kukuuliza ilikuwaje hukuligundua mapema. Mwambie ulimuuliza aliyeandika, na aliyeandika ni mama yako, na alikudanganya mezani huku anakutazama machoni. Ifute mistari yote arobaini, uihesabu kuwa mmoja. Na pale pembeni ulipoandika "serikali" kwa penseli, ifute hiyo pia, uandike jina langu. Liandike kamili, usiandike "Mama".

Ukirudi jioni hii utanikuta jikoni. Barua utaikuta juu ya sanduku. Ukitaka kuja kuniuliza, njoo. Ukitaka kulala bila kusema nami, sitagonga mlango, na asubuhi nitakupeleka stendi vilevile.

Karanga zilizo kwenye mfuko wa kaki sikuzinunua sokoni. Amezibangua Eliza. Alinipa pale barabarani, akasema ni za kwako za safari, na kwamba rula yake ukiwa bado unayo, usiirudishe, uendelee nayo.

Barua hii nimeisoma yote, toka juu mpaka hapa, kabla ya kutia sahihi.

Mama yako.